Nataka kwenda kujitolea nje, niko sawa?

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mkubwa, mimi nesi wa Wete, nimemaliza chuo, kila siku naona sina faida duniani, nataka niende Bangladesh nikawasaidie Warohingya, wale wakimbizi wa kutoka Myanmar, kule kambini Cox's Bazar. Kuna wakala anataka pesa anisajili. Mama hataki kusikia.

JAWABU: Waaleikum salaam mwanangu. Nia yako njema, wallahi nimefurahi, lakini huyo wakala usimpe hata shilingi. UNV, hawa wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa walioanza 1970 na makao yao yako Bonn, Ujerumani, kuomba kwao ni bure na ukienda wanakupa posho ya kujikimu, sasa wewe unalipia nini? Na Madaktari Wasio na Mipaka nao hawamchukui mtu katoka chuo leo, wanataka aliyekwishafanya kazi, kwa sababu kambini mgonjwa hasubiri wewe ujifunze.

Ila hilo la kujiona huna faida ndo limenigusa. Huzuni hiyo utaipanda nayo ndege na kule utakutana na mateso makubwa zaidi, watu wanarudi wamevunjika moyo, kwa hiyo zungumza na mtu kwanza. Halafu anzia hapahapa Pemba na Msalaba Mwekundu, au kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wamo wakimbizi wa Kongo na Burundi, na Kiswahili chako kule kitakufaa, Cox's Bazar utahitaji mkalimani. Mama naye mwambie ukweli wote, labda anaogopa huyo wakala tu.