Rejeta ya Hita Kwenye Land Rover ya Zamani: Itengeneze, Usiikate

Fungua bonneti ya Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na mara nyingi utakuta mipira miwili ya hita imekatwa na kuunganishwa kwa kipande cha bomba. Maji yanatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini, hita imeachwa kavu. Kwa fundi ni kazi ya dakika kumi, na mwenye gari wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asione hasara yoyote. Hasara anaiona aliyeko Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, asubuhi ya Julai, kioo cha mbele kimeshika ukungu kwa ndani na mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unafuta kwa kitambaa. Hita haikuwekwa kupasha miguu tu. Kazi yake kubwa ni kukausha kioo, na hilo ni jambo la usalama. Tena gari likianza kuchemka kwenye mlima kama Kitonga, kufungua hita na feni yake kunaondoa sehemu ya joto la injini mpaka upate mahali pa kusimama.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha rejeta ya hita, yaani ile rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ili kupasha hewa, ndiyo yenye kosa. Washa injini mpaka ipate moto, fungua hita yote, kisha gusa mipira miwili kwa uangalifu. Yote miwili ikiwa ya moto na bado hewa inatoka baridi, rejeta haina shida. Tafuta waya wa kuvuta uliokatika au kile kilango cha hewa kilichokwama. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, ama vali ya hita haifunguki ama rejeta imeziba. Yote ikiwa vuguvugu, angalia kwanza kiasi cha maji, hewa iliyonaswa, au thamostati (kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto la injini) iliyokwama ikiwa wazi.

Kuvuja kuna dalili zake: maji yanapungua wala huoni tone chini ya injini, kioo kinapata utando wa mafuta-mafuta, na ndani ya gari kuna harufu tamu. Sakafu ikiwa imelowa usiharakishe kulaumu hita, maana Land Rover hizi huingiza mvua kwa urahisi kupitia vilango vya hewa chini ya kioo. Sugua maji yale kati ya vidole: ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) yanateleza na yana rangi. Usiyaonje. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu kali, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa. Hata ile unayoimwaga, ikinge kwenye chombo chenye kifuniko.

Rejeta iliyoziba jaribu kuisafisha kwanza. Injini ikiwa imepoa, toa mipira yote miwili upande wa injini na upitishe maji ya bomba kinyume na njia yake ya kawaida, kwa nguvu ndogo. Mfumo wa injini hii hufanya kazi kwa presha ya karibu psi 9 tu, kwa hiyo bomba la mtaani likifunguliwa lote linaweza kupasua kilichokuwa kizima. Maji yakigoma kupita, changanya gramu 50 za asidi ya sitriki kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, jaza rejeta, acha saa moja au mbili, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Usiiache ilale humo usiku kucha, maana asidi hula pia maungio ya risasi (madini laini yanayoyeyushwa kuunganisha vipande vya rejeta). Soda kali ya kutengenezea sabuni (kostiki soda) isikaribie kabisa: inakula risasi, na rejeta ya alumini inaiyeyusha. Unga wa kuziba matundu nao ndio umeua hita nyingi. Hauchagui tundu, unaziba kila njia nyembamba, na njia nyembamba kuliko zote ziko kwenye hita.

Sasa kuitoa. Kwenye Series III boksi la hita liko upande wa injini, kwa hiyo hushuki chini ya dashibodi kama ilivyo kwenye sedani nyingi za zamani. Punguza maji ya rejeta kubwa, legeza klipu, kisha ifike ile hatua inayoharibu kazi kuliko zote: mpira mkavu uliogandia kwenye kibomba. Usiuvute wala kuuzungusha kwa koleo. Kibomba kimeshikwa kwa risasi tu na kitang'oka. Uchane mpira kwa wembe kwa urefu wake na uumenye. Mpira mpya ni bei ndogo kuliko rejeta.

Ikiwa nje, ziba kibomba kimoja, kwenye kingine pampu hewa ya psi 10 hadi 12 kwa pampu ya baiskeli yenye geji, uizamishe kwenye ndoo. Weka alama povu linapotoka. Likitoka kwenye maungio ya tangi la pembeni au kwenye shingo ya kibomba, fundi wa rejeta anaweza kuitengeneza vizuri. Likitoka katikati, mrija huo hubanwa na kuzibwa ncha zote mbili. Kupoteza mrija mmoja au miwili si tatizo. Zaidi ya hapo, au mapezi (vibati vyembamba kati ya mirija) yakipukutika kama unga wa kijani ukiyagusa, weka mpya.

Mwambie fundi mapema kwamba unataka risasi, siyo kuchomelea kwa gesi na shaba. Risasi ya kuchomelea huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi hivi. Shaba inahitaji joto la mamia ya nyuzi zaidi, na wakati anaziba tundu moja maungio ya jirani yanaachia. Kazi hiyo ifanyike nje kwenye hewa, na asidi ya kuchomelea ioshwe yote baadaye. Rejeta ya alumini haichomelewi hivi, ibadilishe.

Ukinunua, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha urefu, upana, unene, kipenyo cha vibomba na upande vinapotokea. Halafu usisahau sponji ya kuzunguka rejeta ndani ya boksi. Hili watu wengi hulipuuza, kisha wanalalamika kwamba rejeta mpya haina joto, kumbe hewa inapita pembeni yake. Bandika sponji isiyonyonya maji, unene wa kutosha kubanwa kidogo boksi likifungwa. Mipira iwe ya hita, yenye nyuzi ndani, yenye kipenyo kile kile. Mpira wa petroli au wa bustani hautastahimili.

Kilichoua rejeta ya kwanza mara nyingi ni maji matupu ya kisima. Watu husema huku hakuna barafu, kulanti ya nini? Ni kwa ajili ya kuzuia kutu. Jaza mfumo nusu kwa nusu: kulanti inayofaa kwa shaba na risasi, na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri (siyo asidi ya betri, ingawa baadhi ya maduka huviita kwa jina moja). Badilisha kila miaka miwili.

Wakati wa kujaza, elekeza pua ya gari mlimani, fungua vali ya hita yote, mimina polepole, washa injini ikiwa ya baridi bila kifuniko, na ubanebane mipira ya hita mpaka mapovu yaishe. Zima, funga, acha ipoe. Asubuhi ongeza maji yaliyopungua na ukaze klipu tena kidogo, kwa sababu mpira mpya hulegea baada ya kupata moto mara ya kwanza. Baada ya hapo fungua vali ya hita angalau mara moja kwa wiki, hata ukiwa pwani, ili isigande na maji yasituame ndani ya rejeta.