Kabla ya kupanga bonanza ufukweni, uliza kwanza kama ni giza au mbalamwezi

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Tulipoanzisha kikundi chetu cha joging tulikuwa watu kama ishirini, tisheti mpya bado zinanukia duka, tukaamua Jumamosi tukimbie ufukweni mwa Ziwa Victoria, hapa Mwanza upande wa Ilemela, badala ya kula moshi wa daladala barabarani. Saa moja asubuhi tunashuka mchangani, jamaa mmoja kabeba spika mgongoni mziki unapiga, mbele yetu kuna kitu kama mkeka mrefu unameta na jua ndo linachomoza, basi waliotangulia wala hawakusimama, mimi nilikuja kushtuka raba inateleza ndo nikaangalia chini. Tunakanyaga dagaa wa watu.

Mama mmoja akaja, ufagio mkononi. Nilijua tunatukanwa, na bora angetukana. Aliinama akaokota dagaa mmoja aliyepasuka tumbo, akaniwekea kiganjani, akasema, "Mwanangu, hawa nimekopa." Yaani mzigo kachukua kwa mwenye chombo alfajiri ile, hela atampa akishakausha na kuuza. Tulichanga pale pale tukamlipa mabeseni mawili, ila ile sentensi bado ninayo.

Sa kwa vile tulikuwa tumeshaharibu, tukakaa na kuuliza, na hapo ndo nikajua kwamba miaka yote nimeishi Mwanza sijawahi kuelewa ufukwe unavyofanya kazi. Mimi nilikuwa nauona ni mchanga tu, wa bure, anayewahi anakaa. Kumbe una ratiba, na ratiba yenyewe inapangwa na mwezi.

Iko hivi. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Usiku ukiwa giza totoro taa ikiwashwa dagaa wanakuja juu kufuata mwanga, wanazungushiwa wavu, kazi imeisha. Lakini mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, taa yako nani aifuate? Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wengi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wengine wanaenda zao nyumbani kuona familia. Na ufukwe ule ule ambao juzi ulikuwa hauna pa kuweka mguu unabaki mweupe kabisa.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza na kama huna muda ishia hapa: ukitaka kufanya bonanza, pikiniki ya ofisi, bethidei ya mtoto, chochote cha watu wengi kwenye mwalo, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia na kushusha samaki, au jirani na mwalo, muulize mvuvi yeyote "saizi ni giza au mbalamwezi?" Sisi zamani tulikuwa tunapanga kwa kuangalia mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka. Sasa tunaangalia mwezi wa juu, na tangu tuanze hivo hatujagombana na mtu.

Kama ni giza na bado unataka kuja, njoo jioni. Alfajiri vyombo vinarudi, kuna kupakua, kuna wanunuzi, kuna kelele za bei, kamba za mitumbwi zimelala mchangani na mtu anayekimbia anaangalia simu ataanguka vibaya. Baada ya hapo dagaa wanaanikwa, wengine kwenye chanja, wengine kwenye nyavu zilizotandazwa chini, na wanashinda na jua. Wakipigwa na mvua kabla hawajakauka bei inaanguka, wanaishia chakula cha kuku, ndo maana utaona wale akina mama wanaangalia mawingu kuliko wanavyokuangalia wewe. Kuanzia alasiri wanaanua. Hapo sasa mpira upigwe, watoto wachezee mchanga, wa picha za harusi nao waje na zile gauni zao ndefu.

Jumapili asubuhi ni kitu kingine. Kuna makanisa yanakuja kubatiza ziwani, watu wamevaa kanzu nyeupe, wanaimba. Nimeona kwa macho yangu mchungaji kashika mtu kichwa anataka kumzamisha na mita thelathini pembeni sabufa inalia singeli. Hakuna aliyevunja sheria yoyote hapo labda, ila jamani. Punguza sauti dakika ishirini, ubatizo hauchukui siku nzima.

Maji yenyewe nayo. Wageni wengi wanafika wanaona ziwa wanavua shati. Sehemu yenye majani na maji yametulia usiingie, konokono wa kichocho wanakaa humo, na vimelea wanavyoviachia vinakuwa vingi zaidi mchana jua likiwa kali, saa ile ile ambayo kila mtu anataka kuogelea. Ukishaoga mara kwa mara nenda kapime, dawa ipo. Na kitu ambacho watu hawapendi kuambiwa: mayai ya kichocho yanaingia ziwani kwa haja zetu, ukijisaidia majini unamgawia mwenzako atakayekuja kesho. Mialo mingi ina choo, lipia hiyo hela ndogo uende. Wale wa kuosha bodaboda ndani ya ziwa sina hata cha kuwaambia, oili inaelea na hatua chache mbele mtu anachota maji ya kupikia.

Alafu kuna suala la kuta. Maji yalipopanda mwaka 2020 njia yetu ya zamani ilimezwa, ufukwe ukawa mwembamba, watu wote tukabanana sehemu moja, na kuna mwenye eneo mmoja ukuta wake ukawa umegusa maji kabisa hakuna pa kupita. Vijana wetu walitaka kuruka. Tukawaambia hapana. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazungumzia mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu haziruhusiwi humo, kwa hiyo tulienda kwa mtendaji wa mtaa na karatasi yetu, tukiwa na wavuvi wawili na yule mama wa dagaa. Hii ni muhimu, tungeenda sisi wa tisheti peke yetu tungeonekana watu wa starehe tu. Ilichukua miezi, tulizungushwa, ila mwisho kikafunguliwa kimlango cha kupitia pembeni. Sio ushindi mkubwa, mtu mnene anapita kwa ubavu, lakini tunapita.

Mengine ni ya kawaida, chupa zako rudi nazo, miiba ya samaki usiiache mchangani, makorongo watakuja kumalizia lakini mtoto wa mtu atakanyaga kabla yao. Na usalimie. Sio "mambo vipi" ya kupita, simama useme shikamoo, na kama ni mama wa Kisukuma mwambie mwangaluka mayu uone uso wake unavyobadilika.

Yule mama siku hizi tukichelewa kushuka anatupigia kelele kutoka mbali kabla hatujafika: "Leo mmelala, nimeshaanika, piteni huko juu!" Tunageuza, tunapita barabara ya juu, moshi wa daladala na kila kitu.