Maswali ya Chesi: Mwanangu Anatoa Malkia Kila Mechi

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mi ni mama nakaa Mikindani, nina kijana wangu wa miaka 11 kajifunza chesi kwenye simu ya mjomba ake, sa hivi hapa mtaani hamna anaemuweza, hata watu wazima wa drafti wanakaa nae wanafungwa tu. Tatizo nimempeleka Dar kwenye mashindano ya watoto kafungwa mechi nne kati ya sita na zote staili moja, anatoa malkia au farasi aliwe makusudi ili ashambulie afu shambulizi linakatika njiani, anabaki hana kitu. Mwalimu mmoja pale akanambia huyu mtoto aache hayo mambo ya kushambulia ajifunze kucheza taratibu. Nimkataze?

JIBU: Usimkataze mama, nakuomba sana. Mtoto wa miaka 11 anaeona malkia anaweza kutolewa ana kitu ambacho wengine tunahangaika miaka kukipata, yeye kinachomkosa ni kuhesabu mpaka mwisho, na hicho kinafundishika.

Ngoja nikupe mfano wa mtoto mwenzie. Mwaka 1956 New York, Bobby Fischer, Mmarekani aliyekuja kua bingwa wa dunia, akiwa na miaka 13 alicheza na Donald Byrne, mtu mzima na mchezaji mkubwa wa Marekani wakati huo. Muvu ya 17 malkia wa Fischer anashambuliwa na askofu, kila mtu anategemea atamkimbiza, yeye akamwacha palepale akasogeza askofu wake e6 (kila kiboksi cha ubao kina jina lake, herufi na namba). Byrne akamla malkia. Sasa angalia kilichofata, askofu wa Fischer anakula kwa cheki (yaani anamshambulia mfalme, na mwenzie lazima amwokoe kwanza), mfalme wa Byrne anakimbilia g1, farasi anapiga cheki, mfalme anarudi f1, farasi anatoka anakula askari (zile kete ndogo za mbele) na huku nyuma yake askofu anapiga cheki, mfalme g1 tena, farasi cheki, mfalme f1, farasi anaruka cheki nyingine. Cheki tano mfululizo, mfalme wa watu anapelekwa viboksi vilevile viwili kama mtu anaechungulia dirisha hili na lile, na Byrne hana nafasi hata moja ya kufanya jambo lake. Vumbi lilipotulia Fischer kachukua ngome (kete ya kona) moja, maaskofu wawili na askari mmoja kwa yule malkia, na muvu ya 41 akamchekimeti, mfalme hana pa kukimbilia, mechi ikaisha.

Lakini mi kinachonigusa zaidi ni kitu ambacho hakikutokea. Byrne angesema malkia simtaki, nakula huyo askofu wa e6, Fischer alikua na njia nyingine inayoishia kwa farasi kumchekimeti mfalme aliyebanwa na vitu vyake mwenyewe. Yaani ukila unaumia na usipokula unaumia. Kwahiyo akikaa na kijana wako muulize swali moja tu, ukishatoa malkia mwenzio anaweza kufanya nini? Kama jibu ni "analazimika hivi, afu analazimika vile", mwache atoe. Kama jibu ni "ataogopa", amrudishe malkia nyumbani.

Kingine mama, na hili nimeliona sana kwa watoto wa huku kwetu. Jumamosi moja hapa Chuno nilikua nimekaa na mtoto wa miaka 9, malkia wake akaona askari yuko b7 peke yake, mwenzie hata hajaondoa mkono kwenye kete yeye keshakula. Muvu ya pili malkia kafungiwa kule kwenye kona, ngome huku farasi kule, hana pa kutokea. Namuuliza baba kwanini ulikula, ananitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu, ananambia "si alikua analiwa mwalimu". Nikamwelewa kabisa. Amekulia kwenye drafti na babu yake anacheza bao barazani, na kote huko kama kuna cha kula unakula, ni sheria. Chesi haina sheria hiyo, ukitoa tu pale unapochekiwa na njia pekee ya kujiokoa ni kumla anaekucheki. Basi hawa watoto wetu wanakuja na mkono uliozoea kula, tena mkono wenye spidi, ndo mana mtaani wanafunga kila mtu na wakikutana na mtoto aliyefundishwa kutega wanaliwa. Mimi nawaambia wakalie mikono. Kweli kabisa, mikono chini ya mapaja mpaka aseme kwa sauti ndogo mimi hivi, yeye vile, mimi hivi.

Na hio simu usiinyang'anye ila mbadilishie matumizi. Mafumbo ya simu yana ubaya mmoja, yanakwambia mapema kwamba hapa kuna kitu, tafuta. Kwenye mechi hamna anaekugusa bega. Mara nyingi hamna kitu cha kupiga hapo, unatakiwa uboreshe farasi wako aliyelala pembeni ungoje, na mtoto aliyezoea mafumbo arobaini kwa siku anaona uchawi hata pasipo na uchawi. Afanye kumi tu, na asiguse skrini mpaka aandike njia nzima kwenye daftari, muvu zake na za mwenzie. Akikosea ya mwenzie hio ndo ya kuizungumzia jioni.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 15 nipo Lindi mjini. Nikiangalia mechi za watoto wa mashindano ya dunia naona wanashambuliana sana, mimi nafungua kwa ile chekimeti ya muvu nne na hapa shule inanilipa. Naweza kufika nayo mbali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, na nitakwambia kwanini. Askofu c4, malkia h5, unalenga f7, sawa, na yule asiyejua anatoa farasi f6 unamaliza. Ila anaejua anasogeza askari g6 tu, malkia anarudi f3 kutishia tena, ndo anatoa farasi f6 kwa raha zake. Malkia wako katembea mara mbili, mwenzio anajenga nyumba na wewe unajenga njia ya kukimbia.

Hao unaowaona wanashambuliana wametoa vitu vyao vyote kwanza na mfalme wameshamficha. Na usidhani mbinu ni kushambulia tu. Gukesh wa India alikua bingwa wa dunia wa chini ya miaka 12 mwaka 2018, akapata ugrandmasta (cheo cha juu kabisa cha wachezaji chesi) akiwa na miaka 12 na miezi 7, na Desemba 2024 Singapore akamvua Ding Liren ubingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Mechi ya 14, ya mwisho, pointi ziko sawa, inaelekea sare, Ding anapeleka ngome f2 ili wabadilishane mambo yaishe. Gukesh akaila, kisha akaweka askofu d5, maaskofu nao wakalazimika kubadilishana, vikabaki wafalme na askari na yeye ana askari mmoja zaidi. Hamna malkia aliyetolewa, hamna moto, ni kubadilishana tu, lakini kuona kwamba hapo kubadilishana kunashinda ndo mbinu yenyewe. Cheza miisho ya mfalme na askari mdogo wangu, kila siku hata nusu saa.

SWALI: Mwalimu binti yangu wa miaka 9 mechi ya saa nzima anaimaliza kwa dakika kumi. Nifanyeje? Baba, Masasi.

JIBU: Kaka, mashindano ya vijana ya dunia wanapewa dakika 90 kwa muvu 40 za mwanzo, afu 30 za kumalizia, na sekunde 30 zinaongezwa kila muvu, kwahiyo mwenye haraka anamwachia mwenzie saa nzima ya kumfikiria. Mnunulie daftari, aandike kila muvu yeye na mpinzani, na pembeni aandike saa yake inasoma ngapi. Msimkaripie. Mkirudi nyumbani fungueni ule ukurasa aliofungwa, tafuteni alipotumia sekunde tano, pangeni kete upya hapo hapo na umwache akae nayo bila saa.