Kongamano la kahawa: usiende kuuza, nenda kutafuta mtu wa msimu ujao

Mkuu, umesema AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika cha wakulima, huko Mbinga imekuteua uende kwenye kongamano la AFCA, lile la kahawa za Afrika linalozunguka nchi baada ya nchi, na unauliza ufanye nini ili wanachama wasije kusema hela yao imeliwa. Mimi nasimamia ubora kwenye AMCOS moja ya Mbozi na makongamano hayo nimeyahudhuria, ya nyumbani na ya nje, kwa hiyo vumilia urefu.

Anza na kalenda. Kongamano huwa Februari au karibu na hapo. Sisi wa kusini tunavuna kuanzia kama Mei hadi Oktoba, na ikifika Februari mzigo karibu wote umeshapita mnadani au uko baharini. Anayekwenda ili auze siku hiyohiyo anajichosha bure. Wewe unamtafuta mtu wa msimu ujao, atakayekubali kupokea sampuli yako ya Julai au Agosti na kukujibu. "Tuna kahawa nzuri sana, njoo ununue" mnunuzi ameisikia tangu chai ya asubuhi.

Beba sampuli. Iwe kahawa safi iliyokobolewa na kuchambuliwa, si ya maganda, gramu 300 hadi 350 kila mfuko. Meza ya kuonja inatumia vikombe vitano vya gramu 8 na ushee kila kimoja, lakini mwonjaji makini hukaanga zaidi ya mara moja, kwa hiyo usimpe kiganja. Kongamano likiwa nje ya nchi, waulize mapema TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuhusu cheti cha afya ya mimea, na Bodi ya Kahawa kuhusu kutoa sampuli. Usisubiri kubishana na afisa mpakani.

Juu ya mfuko andika AMCOS, kijiji, mwinuko kwa mita, aina ya mibuni, namna mlivyoichakata, msimu, unyevu, halafu idadi ya magunia ya mzigo huo. Idadi ndiyo wengi wanairuka, wakati ndiyo inayoamua uzungumze na nani. Kontena la futi 20 linameza magunia kama 320 ya kilo 60. Kampuni kubwa itakutazama kwa heshima tu ukiwa na 40, lakini mkaangaji mdogo wa Ulaya hayohayo 40 ndiyo anayatafuta. Ukiandika namba, kila mtu anajichuja mwenyewe na wewe unaokoa muda.

Bei nayo ijue kwa lugha yao. Mnadani tumezoea dola kwa kilo 50. Wao wanasema senti kwa ratili, maana arabika hupangiwa bei na soko la New York. Kilo 50 ni ratili 110, kwa hiyo kila senti 10 kwenye ratili ni dola 11 kwenye kilo 50. Mtu akikwambia "New York jumlisha 40", yaani senti 40 juu ya bei ya New York, ujue papo hapo kwamba hiyo nyongeza ni dola 44 kwa kilo 50, kisha uulize ni bei ya kufikia wapi. Ikiwa ni hadi melini, toa kukoboa, magunia, lori la kwenda bandarini na tozo kabla hujatabasamu. Na kuuza moja kwa moja nje kuna leseni yake. Mwulize meneja wenu mko upande gani kabla hujaahidi kitu.

Sasa chumba cha kuonjea. Kama una saa moja tu ya maana kwenye kongamano zima, ipeleke huko. Usijipulize marashi. Usiseme chochote mpaka watu wamalize kuonja, hata sura yako isiseme. Kahawa yako ikipata alama 80 kati ya 100 kwenda juu imeingia daraja la kahawa maalumu, hongera, lakini namba hiyo peke yake haitakusaidia shambani. Mfuate mwonjaji baadaye umuulize alichokutana nacho. Akisema ina uchachu wa kuzidi, rudi ukaangalie saa za kuvundika kwenye mtambo wenu na usafi wa matangi. Akisema ina ladha ya gunia au ya kuchakaa, angalia ghala na unyevu. Bingwa wa kuonja anayekuambia kasoro yako bure, sijui kwingine utampata wapi. Wenzetu wa Burundi na wa Kivu nao ni wa kukaa nao: Kiswahili kinatosha, na kuhusu mdudu antestia na ile ladha ya kiazi kibichi anayohusishwa nayo wanajua kuliko semina yoyote niliyokaa.

Ukumbini? Hotuba za ufunguzi unaweza kuziacha, Mungu anisamehe. Kikao kimoja usikikose: cha sheria ya Umoja wa Ulaya ya ukataji misitu. Utekelezaji wake umesogezwa zaidi ya mara moja na watu wamelegea, ila msingi ni uleule: kahawa isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na kila shamba lionyeshwe lilipo kwa namba za GPS. Shamba la hekta 4 kushuka linatosha nukta moja ya GPS. AMCOS ikiwa na orodha ya nukta za wanachama wake, itaje mapema; nimeona mnunuzi akivuta kiti aliposikia hivyo.

Kuna wajumbe watakaosaini mahudhurio, wachukue posho na kupotelea mjini hadi jioni. Watakuita. Nenda nao siku ya mwisho.

Usiku kabla ya kulala, kwenye kila kadi uliyopewa andika mlichoongea, kisha mtumie mwenyewe WhatsApp fupi: jina, AMCOS, sampuli namba fulani, na kitu kimoja alichokisema yeye. Ukingoja ufike Mbinga, ameshasahau sura yako. Mavuno yakianza mtumie picha ya vitanda vya kukaushia, bila kuomba chochote. Sampuli mpya ikitoka ndipo useme bei.

Niambie mtambo wenu unaanza kupokea matunda mwezi gani, na kama mlitunza vipimo vya unyevu vya msimu uliopita. Hivyo ndivyo vitakavyoamua mfuko wako uandikwe nini.