Kufuatilia Printa za Ofisi Kupitia Mtandao

Ofisi nyingi hufuatilia seva, swichi na laini ya intaneti usiku na mchana, lakini printa huachwa hadi mtu apige simu kulalamika. Katika kuhudumia ofisi yenye makao Dar es Salaam na matawi mikoani, nimeona jinsi mazoea hayo yanavyoumiza: mhasibu yuko katikati ya kufunga hesabu za mwezi, tona imeisha, stoo hakuna ya akiba, na hati ya ununuzi bado inasubiri sahihi. Nia ya kufuatilia printa ni kupata habari mapema kiasi cha kumwezesha mhusika kuchukua hatua kabla kazi haijasimama.

Usiridhike na ping, yaani kuangalia tu kama kifaa kinajibu kwenye mtandao. Printa iliyokwama karatasi huendelea kujibu ping vizuri kabisa, na skrini yako itaonyesha rangi ya kijani huku foleni ya nyaraka ikizidi kurefuka. Iulize printa yenyewe kuhusu hali yake kwa kutumia SNMP, lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao, ambayo hupita kwenye poti 161 ya UDP. Maswali ya msingi yaliwekewa kiwango kimoja katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 1759 wa mwaka 1995, ukafuatiwa na RFC 3805 wa mwaka 2004, na ndiyo maana printa za watengenezaji tofauti hujibu kwa mpangilio unaofanana. Kabla ya kuisajili printa kwenye Zabbix, LibreNMS au programu nyingine ya ufuatiliaji unayotumia, endesha snmpwalk, amri inayosoma majibu yote ya SNMP chini ya anwani fulani, kuanzia anwani 1.3.6.1.2.1.43 ya taarifa za printa, usome kwa macho yako inachojibu.

Hakikisha pia kwamba kila printa imetengewa anwani yake ya IP kwenye DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, kisha badilisha neno la ruhusa la SNMP, ambalo printa nyingi hutoka nalo kiwandani likiwa «public». Printa inayokubali SNMPv3, toleo lenye usalama zaidi, ipe hiyo. Fahamu, hata hivyo, kwamba kompyuta za Windows nazo huweza kuuliza hali ya printa kwa SNMP. Ukibadilisha neno hilo kwenye printa peke yake, huenda watumiaji wakaambiwa printa haipatikani ilhali ni nzima. Rekebisha mipangilio ya poti ya printa kwenye kompyuta au kwenye seva ya kuchapishia siku hiyo hiyo.

Kiwango cha tona ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Printa hutoa namba mbili, kiasi kilichobaki na ujazo kamili, nawe unagawanya ya kwanza kwa ya pili ili kupata asilimia. Lakini jibu linaweza kuwa -2, maana yake printa haijui kiasi kilichobaki, au -3, maana yake kuna kitu kimebaki ila hakipimiki. Ukiziacha namba hizo ziingie kwenye hesabu ya asilimia, utapokea tahadhari za uongo kila siku, na watu wakishazizoea hata za kweli hawatazisoma. Katriji zilizojazwa upya mara nyingi ndizo zinazotoa majibu ya namna hii, kwa sababu chipu yake haikubadilishwa. Kwa printa hizo mimi hutegemea idadi ya kurasa zilizochapwa tangu katriji ilipowekwa.

Hitilafu nazo husomwa kwenye anwani ya SNMP 1.3.6.1.2.1.25.3.5.1.2. Jibu lake ni baiti ambayo kila biti ina maana yake: kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), 40 ni karatasi kuisha, 20 ni tona kupungua, 08 ni mlango kuwa wazi na 04 ni karatasi kukwama. Hali mbili zikitokea pamoja namba hujumlishwa, hivyo printa yenye tona kidogo na isiyo na karatasi itajibu 60. Anayetegea 40 kamili ataikosa. Pima kila biti peke yake.

Sasa amua nani apokee nini. Karatasi kuisha ni jambo la mhudumu wa ofisi, na lisitumwe kabla hali hiyo haijadumu dakika kumi au zaidi. Tona iende kwa mtunza stoo. Karatasi kukwama mara kwa mara kwenye printa ile ile ni kazi ya fundi, kwani huenda roli za kuvutia karatasi zimechakaa. Viwango vya tahadhari ya tona pia visifanane: kwa makao makuu 10% inatosha, lakini kwa tawi la Kigoma mimi huweka 25%, kwa sababu katriji hupakiwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam na mtu wa kuipokea lazima apatikane.

Mwisho, weka kumbukumbu ya kila siku ya jumla ya kurasa, inayopatikana kwenye 1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.4. Kama ofisi yenu inalipia huduma ya mashine kwa idadi ya kurasa, linganisha kumbukumbu hiyo na ankara ya mkandarasi kabla mhasibu hajaidhinisha malipo, na tofauti ikionekana, nendeni pamoja kwenye mashine mkachape ripoti ya kaunta.