Usiwawekee mtihani mzima kila usiku. Waandikishe imla

Mkuu, simama hapo kwanza. Umeandika kwamba umepata darasa la mwaka wa mwisho wa sekondari huko Wuhan, China, watoto hamsini na kidogo, gaokao (mtihani wao wa taifa wa kuingia chuo) ni Juni, na mpango wako ni kuwawekea mtihani mzima wa kusikiliza Kiingereza kila usiku na kusahihisha papo hapo. Ukauliza pia ununue vitabu gani vya ufahamu, na baridi ya huko ikoje. Niliposoma mpango huo niliweka simu chini. Ndio huohuo nilioufuata mimi, mji huohuo, kuanzia Septemba hadi Machi, na kuna binti mmoja ambaye nikimkumbuka roho inaniuma mpaka leo.

Kwa wasioujua mtihani wenyewe: Kiingereza hufanywa tarehe 8 Juni, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, alama 150. Dakika 20 za mwanzo ni kusikiliza: maswali 20, kila moja alama 1.5. Mazungumzo matano ya kwanza ni mafupi na yanasomwa mara moja tu. Una sekunde 10 za kujibu na kutupia jicho swali linalofuata. Yanayobaki ni marefu, yanasomwa mara mbili. Siku hiyo madereva karibu na vituo vya mtihani wanaambiwa wasipige honi, na ujenzi unasimamishwa. Mji unanyamaza ili watoto wasikie.

Na wangu hawakusikia, kwa sababu sikuwafundisha kusikia. Niliwafundisha kujibu.

Kila saa moja usiku, wakiingia kwenye masomo yao ya usiku (fikiria prepo zetu za bweni), nilikuwa nawasha spika na mtihani unaanza. Mitihani yote huanza na mfano uleule: shati ni bei gani? Jibu ni C, pauni 9.15. Darasa zima lilikuwa linaitikia "C!" kabla sauti haijafika popote, nami nafurahi nikidhani masikio yamefunguka. Tunamaliza, nasoma herufi za majibu, wanafungua maandishi ya mazungumzo, wanasema "aaa", tunafunga daftari. Kesho mwingine. Tulipita mitihani zaidi ya 100 namna hiyo. Wastani wa darasa Septemba ulikuwa 17 kati ya 30. Machi ulikuwa 18.

Aliyenitia kwenye shimo hilo ni mratibu wetu wa masomo. Alinikabidhi kijitabu cha mbinu siku ya kwanza, na maneno yake nayakumbuka: neno mlilolisikia wazi likiwepo kwenye chaguo, hilo ni mtego, likimbieni, jibu liko baada ya but, zikitajwa bei mbili, jumlisheni au mtoe. Nilimuuliza, je, mtoto asiyeisikia hiyo but yenyewe afanyeje? Akasema aongeze mitihani. Wazazi walikuwa wanapelekewa hesabu ya mitihani iliyofanywa, basi hesabu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nina hasira naye hadi leo na sioni kwa nini niifiche.

Aprili ndipo nilipofumbuka macho. Nilikata sentensi moja tu kwenye mazungumzo ya nane, nikawaambia waandike wanachosikia: I should have asked her about it. Maneno saba, yote wanayajua tangu sekondari ya chini. Nikairudia mara tatu, nikakusanya daftari 52. Walioiandika have walikuwa watatu. Wengi waliandika I should ask about it. Mmoja aliandika shoulder, bega! Wala hakuwa mzembe. Ikisemwa haraka, should have inatoka "shuda", na yeye aliandika alichosikia. Sasa ona hasara yake: swali lilikuwa linauliza kama mama anayesema sentensi hiyo aliuliza au hakuuliza. Ukikosa have, majuto yanageuka kuwa mpango wa kesho, na hakuna mbinu ya kijitabu itakayokuokoa.

Sisi tuliozaliwa na Kiswahili tungepaswa kulijua hili kabla ya mtu yeyote. Silabi zetu zinaishia kwa vokali, ndiyo maana "desk" kwetu imekuwa deski. Kichina cha Mandarin nacho mwishoni mwa silabi kinakubali vokali, n, ng na ile r yao, basi. Kwa hiyo ask na asked kwenye sikio la mtoto wa Wuhan ni kitu kimoja, na can't iliyomezwa t yake ni can. Jicho lake linalijua neno, sikio lake halijawahi kukutana nalo.

Nilipotaka kubadilisha, mratibu akasema imla ni ya shule ya msingi, muda hauruhusu. Akaniruhusu katikati ya Mei. Yule binti alikuwa na orodha nzima ya yale maneno 3,500 ya Kiingereza ya kujiandaa na gaokao kichwani, na kwenye kusoma alikuwa hatari. Baada ya mtihani tulikaa naye tukalinganisha majibu: kwenye kusikiliza alikosa maswali saba, alama 10.5. Chuo cha ualimu alichokitaka alikikosa kwa alama nne. Maswali matatu, mkuu. Maswali matatu tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua sekunde 40 za sauti, zisizidi. Wasikilize mara moja bila kalamu. Halafu sentensi kwa sentensi, waandike, pasiposikika waache pengo; rudia hadi mara tano. Maandishi yabaki kwenye begi lako! Ukiwapa mapema, jicho linafanya kazi ya sikio na usiku wote umepotea. Wakishamaliza ndipo wafungue, kalamu nyekundu mkononi, na kila pengo waliandikie sababu: neno silijui, nalijua kwa macho tu, maneno mawili yameshikana, mwisho wa neno umemezwa. Kisha wasome kwa sauti pamoja na spika mpaka midomo iende mwendo uleule. Dakika 15. Mtihani mzima weka mara moja kila wiki mbili, wazoee saa. Darasa langu lililofuata lilianza hivyo Septemba likiwa na 17 uleule. Februari lilikuwa na 23.

Kuhusu ufahamu wa kusoma, mtoto anayesikia sentensi inapopumua huacha kusoma neno moja moja kwa kidole, hilo nimeliona. Orodha za maneno wanazo tayari, na wenyewe hutania kwamba neno la kwanza ni abandon, na wengi wanaacha hapohapo. Usiwaongezee orodha. Waongezee imla.

Kesho usiku anza na ile sentensi yangu. Hesabu daftari zenye have, uje utuambie hapa umepata ngapi.