Oili namba 90, lakini ya GL ngapi?

SWALI: Habari za kazi. Nina Hilux ya dizeli, gia za mkono, ninabebea viazi kutoka Makete kwenda Makambako. Mwezi uliopita nilibadilisha oili ya giaboksi na ya difu. Muuza spea alinipa dumu moja la 85W-140 GL-5, akasema inafaa kote na uzito wake utahimili mzigo. Sasa kila asubuhi gia ya pili inagoma, nikilazimisha inakwaruza. Nikishatembea kama nusu saa inaingia bila shida. Fundi anataka kushusha giaboksi. Nikubali? (Msomaji, Makete)

JIBU: Ndugu yetu, usikubali kwanza. Gia inayogoma asubuhi na kulainika gari likipata moto mara nyingi tatizo lake ni oili, na baridi ya Makete inalikuza.

Ndani ya giaboksi kuna sinkro, pete za shaba ya manjano zenye mifereji myembamba kama ya skrubu. Kabla meno ya gia hayajakutana, pete hiyo huibana gia ili mwendo wake ulingane na wa shafti. Ili ibane, lazima kwanza ikate utando wa oili. Namba 140 ikiwa baridi ni nzito mno, pete inateleza juu yake, meno yanakutana kabla ya wakati, ndiyo huo mkwaruzo. Kila ukilazimisha unakula sinkro, kwa hiyo usiendelee hivyo hata wiki moja.

GL, yaani daraja la oili ya gia kwa dawa zilizomo, ni suala jingine, tofauti na uzito. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi (ile harufu kali unapofungua dumu ni ya salfa). Dawa hiyo imewekwa kwa ajili ya difu. Humo pinioni (gia ndogo) imekaa chini ya katikati ya krauni (gia kubwa inayozungushwa nayo), hivyo meno yake hayagusani tu, yanasuguana huku yakibeba uzito wote, na utando wa kawaida hufutika. Salfa huacha ngozi nyembamba juu ya chuma inayozuia meno yasikwanguane. Lakini utelezi huohuo unainyima sinkro nafasi ya kubana, na baadhi ya GL-5 hula shaba pole pole oili ikiwa moto.

Kwa hiyo weka 75W-90 GL-4 kwenye giaboksi. Vitabu vya baadhi ya Toyota huruhusu GL-4 au GL-5. Penye ruhusa hiyo, sisi tungechagua GL-4. Kwenye difu weka 80W-90 GL-5, usiweke GL-4 kamwe: krauni itaanza kuvuma, na ikishavuma oili mpya haiiponyi. Namba 90 isikutishe kwamba ni nyepesi kwa mzigo. Vipimo vya oili ya gia si vya oili ya injini. 90 ya gia ikiwa moto inakaribiana na 40 au 50 ya injini.

Tembeza gari dakika 15, liegeshe mahali tambarare. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Wengi hugeuza mpangilio huu, wanamwaga yote kisha wanakuta nati ya juu imeganda, gari limebaki kavu. Angalia sumaku ya nati ya chini, kama ipo: tope la kijivu laini kama grisi ni uchakavu wa kawaida, vipande vyenye ncha kama kucha zilizokatwa ni meno au beringi, na hapo fundi wako atakuwa na haki ya kushusha. Weka washa mpya (pete ya kuzibia chini ya nati), jaza mpaka oili ianze kuchungulia kwenye mdomo wa tundu. Ingiza kidole, kiiguse usawa wa ukingo. Usizidishe, maana oili ya ziada kwenye difu hupenya sili za eksili na kulowesha breki za nyuma.

Tembea siku mbili tatu. Kama gia ya pili bado inakwaruza hata gari likiwa moto, sinkro imeshaliwa.

SWALI: Noah yangu ni otomatiki. Gereji wanataka kuniwekea haidroliki nyekundu ya kawaida. Ni sawa? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Inategemea, dada au kaka, kwa sababu Noah ziko zenye otomatiki ya kawaida na ziko za CVT. Fungua boneti, tafuta kibati cha Toyota, usome palipoandikwa TRANS/AXLE. Kwa gari la otomatiki, herufi ya kwanza ikiwa K ni CVT. Ikiwa A au U ni otomatiki ya kawaida.

CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma. Ukiweka haidroliki ya kawaida mkanda unateleza, unachubua puli, gari linatetemeka likianza kuondoka. Weka oili ya CVT iliyotajwa kwenye kitabu, basi. Hata ikiwa otomatiki ya kawaida, oili za Toyota za T-IV na WS hazibadilishani: WS ni nyepesi zaidi.

SWALI: Nilivuka maji ya mafuriko, sasa oili ya difu ni kama chai ya maziwa. (Msomaji, Ifakara)

JIBU: Ni maji. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio kilicho juu ya eksili au sili zilizochoka. Mwaga leo, usisubiri safari ijayo, kwa sababu kutu huanzia kwenye beringi. Jaza GL-5, tembea kilomita chache, mwaga tena. Ikitoka nyeupe rudia. Kisha safisha kipumulio, na ukiweza unganisha mpira ukipandishe hadi usawa wa bodi.